Ishirini kwa mia ni ndiyo au ni la?

Ni desturi yetu sisi walimu wa hisabati kujigamba mbele ya walimu wenzetu kwamba somo letu halina utatanishi. Mwalimu wa fasihi, twasema, aweza kuulizwa swali moja akatoa majibu matano na yote matano akayatetea; lakini kwetu sisi jibu ni moja, na likikosewa hukatwa kwa kalamu nyekundu, basi. Nimejigamba hivyo kwa miaka mingi. Majigambo hayo yaliniishia usiku mmoja wa mwezi wa Agosti mwaka 2018, shemeji yangu aliponipigia simu kutoka India.

Shemeji alikuwa huko pamoja na mwanawe, yaani mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa na saratani ya damu. Alikuwa ametibiwa hapa nyumbani akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi, na madaktari wakashauri apandikizwe uboho. Msomaji ambaye ameishi katika nchi hii hahitaji kuelezwa yaliyofuata: kamati ya harambee, barua kwa makanisa na misikiti, kiwanja kilichouzwa kwa bei ya kutupa. Alikuwa na ndugu wawili tu wa tumbo moja. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana na mgonjwa katika alama zile za mwili zinazotafutwa, na kwa hivyo mwenye ndugu wawili ana nafasi saba kati ya kumi na sita ya kumpata mmoja angaa anayemfaa. Bahati ilimwangukia dada yake mdogo. Nakumbuka jinsi tulivyosherehekea siku matokeo yalipokuja, tukadhani kwamba hesabu ngumu imekwisha.

Siku ya kumi na saba baada ya kupandikizwa, kijana aliingizwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akaunganishwa na mashine ya kupumulia. Daktari wa zamu, ambaye shemeji alimsifu kwa upole wake, alimketisha akamweleza kwamba kati ya wagonjwa mia moja wenye hali kama ile, huenda ishirini wakatoka mle wakiwa hai. Akamwomba jamaa ifikirie ingetaka lifanywe nini iwapo viungo vingine navyo vingeanza kushindwa. Shemeji alitoka nje akanipigia mimi.

“Shemeji,” akasema, “wewe ndiwe mwalimu wa hesabu katika ukoo huu. Niambie, ishirini kwa mia ni ndiyo au ni la?”

Nilimjibu kwamba ni la, lakini si la kabisa. Mpaka leo jibu hilo huniudhi. Si kwamba nilimdanganya, bali nililijibu swali ambalo sikuwa nimelielewa, jambo ambalo kila siku nawakanya wanafunzi wangu wasilifanye. Tangu usiku ule nimesoma kila kilichoandikwa ambacho mkono wangu uliweza kukifikia kuhusu jinsi madaktari wanavyotabiri kufa na kupona kwa wagonjwa wa aina hii. Nayaandika haya kwa ajili ya walimu na wanafunzi, maana naamini kwamba si jambo la madaktari peke yao.

Wengi wetu tukisikia neno upandikizaji hufikiria kisu, meza ya upasuaji na kiungo cha mtu huyu kushonewa yule. Upandikizaji wa uboho hauko hivyo. Mgonjwa kwanza hupewa dawa kali, pengine pamoja na miale, zinazouangamiza uboho wake mwenyewe pamoja na ugonjwa ulioujaa. Kisha hutiwa mshipani, kama mtu aongezewaye damu, zile seli zizaazo damu ambazo wataalamu wameziita seli shina. Hizo huwa zimetolewa kwa mtu mwingine, au zilikuwa zimetolewa kwake mwenyewe na kuhifadhiwa. Seli hizo hujitafutia njia mpaka ndani ya mifupa na kuanza kazi, ila hazianzi siku hiyo. Kwa muda wa wiki mbili, tatu, hata zaidi, mgonjwa huishi takriban bila chembe nyeupe za damu, kama mji usio na askari wala mlinzi wa lango. Kijidudu ambacho wewe nami tungekipiga chafya tukakisahau chaweza kumwua. Hata askari wapya wanapowasili, iwapo wametoka kwa mtu mwingine, wakati mwingine hawamtambui mwenyeji wao, wakaushambulia mwili uliowakaribisha: ngozi, utumbo, ini. Mapafu nayo huweza kujaa maji au damu. Hizi ndizo njia zinazowafikisha baadhi yao katika chumba cha mahututi.

Mmarekani E. Donnall Thomas, aliyetangaza majaribio ya kwanza ya tiba hii mwaka 1957, alikuwa na wagonjwa sita, na hapana hata mmoja wao aliyefikisha siku mia moja. Wenzake wengi waliiacha kazi hiyo. Yeye aliendelea nayo mjini Seattle hadi tiba ikasimama, na mwaka 1990 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Joseph Murray, aliyejulikana kwa kupandikiza figo. Namtaja kwa sababu laiti angalikuwako mtu wa takwimu mwaka 1957 akapiga hesabu ya sita waliofariki kati ya sita, huenda tiba hii isingalikuwako.

Utabiri wenyewe ulianza kupangwa kitaalamu baadaye kidogo. Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitoa kipimo cha kuonyesha jinsi mtu alivyopoteza fahamu: anafumbua macho au la, anajibu akisemeshwa au la, mkono wake unasogea ukifinywa au hausogei. Jumla ya chini kabisa ni 3 na ya juu ni 15. Mwaka 1981 William Knaus na wenzake mjini Washington wakatunga kipimo cha mwili mzima, na mwaka 1985 wakakipunguza kikabaki na mambo kumi na mawili yapimwayo, mathalani joto, mapigo ya moyo, chumvi za damu na kazi ya figo, pamoja na umri na magonjwa ya zamani. Kipimo hicho cha pili, kiitwacho APACHE II, kilijengwa kwa kumbukumbu za wagonjwa 5,815 kutoka hospitali 13. Kule Ufaransa Jean-Roger Le Gall alikuwa na chake. Kisha mwaka 1996 kundi lililoongozwa na Jean-Louis Vincent wa Ubelgiji likaandika kipimo kilicho chepesi kuliko vyote, kiitwacho SOFA. Viungo na mifumo sita ya mwili, yaani mapafu, moyo na mishipa, ini, figo, ubongo na mgando wa damu, kila kimoja hupewa alama kuanzia sufuri hadi nne. Alama zikijumlishwa haziwezi kupita 24, na zinavyozidi ndivyo hatari inavyozidi.

Mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Pili aweza kuifanya hesabu hiyo. Ugumu uko katika kujua inamaanisha nini kwa mgonjwa aliyepandikizwa uboho. Chukua ule mgando wa damu. Kipimo cha SOFA hutoa alama zote nne kwa mtu ambaye chembe zake za kugandisha damu zimepungua zikawa chini ya elfu ishirini katika kila tone dogo la kupimia. Kwa mgonjwa aliyepatwa na sumu ya damu ghafla, upungufu huo ni ishara mbaya sana. Lakini kwa mpwa wangu ulikuwa matokeo ya dawa alizopewa makusudi! Aliingia chumba kile akiwa na alama nne tayari, sawa na mtahiniwa anayetozwa alama kwa sababu ya mtihani wenyewe. Hapo utadhani kipimo kitawatia wagonjwa hawa hofu kupita kiasi. Ajabu ni kwamba vipimo vya jumla kama APACHE II vilipotumiwa kwao, mara nyingi vilikosea kwa upande wa pili: wagonjwa waliofariki walikuwa wengi kuliko waliotabiriwa, kwa kuwa mlikuwa na hatari ambazo vipimo hivyo havikuwahi kuzihesabu.

Walimu wenzangu wa hisabati watanikubalia kwamba hapa pana maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali la kwanza ni kama kipimo kinaweza kuwapanga watu. Chukua wagonjwa wawili, mmoja aliyekufa na mmoja aliyepona. Je, yule aliyekufa ndiye aliyekuwa amepewa alama kubwa zaidi? Kipimo kikifaulu mara hamsini tu kati ya mia, hakina tofauti na kurusha sarafu. Swali la pili ni kama tarakimu yenyewe ni ya kweli. Idara ya hali ya hewa ikisema mara mia kwamba uwezekano wa mvua ni asilimia sabini, basi yafaa mvua inyeshe takriban siku sabini kati ya hizo. Ikinyesha siku arobaini, idara haina budi kurekebisha mizani yake. Kipimo chaweza kuwapanga watu vizuri sana ilhali tarakimu zake ni za uongo. Na shemeji yangu hakuambiwa mwanawe ni wa ngapi katika foleni. Aliambiwa ishirini kwa mia.

Yupo daktari mmoja ambaye kazi yake nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine zote. Mwaka 1996 Gordon Rubenfeld na Stephen Crawford walichapisha hesabu ya wagonjwa waliopandikizwa uboho kule Seattle, wakaishia kwenye mashine ya kupumulia. Walikuwa 865, wengi wao wakiwa wametibiwa katika miaka ya themanini. Waliopona na kutoka hospitalini walikuwa 53. Hiyo ni takriban sita kwa mia. Kisha wakachungua zaidi wakapata kundi ambalo mapafu yalikuwa yameharibika na, juu ya hayo, ama lilihitaji dawa za kupandisha shinikizo la damu kwa zaidi ya saa nne, ama ini na figo vilikuwa vimeshindwa kwa pamoja. Kundi hilo walilikadiria kuwa la watu 398. Hapana aliyepona.

Simama hapo, ndugu msomaji, kama nilivyosimama mimi. Watu 398, na hapana aliyepona. Je, huo si ushahidi wa kutosha wa kusema tuzime mashine? Waandishi wenyewe waliandika ili kushauri kwamba maamuzi ya namna hiyo yafuate ushahidi badala ya kukisia, na mimi nawaheshimu kwa hilo. Mbadala wake ni daktari mmoja kuamua hivi Jumatatu na mwenzake kuamua vingine Jumanne. Hata hivyo mwalimu wa hisabati ana mambo mawili ya kuuliza.

La kwanza ni jepesi. Sufuri kati ya 398 si sufuri. Iko kanuni nzuri ambayo kila mwanafunzi wa takwimu angefaa kuijua: jambo lisipotokea hata mara moja katika majaribio mengi, gawanya tatu kwa idadi ya majaribio, nawe utapata kiwango cha juu ambacho uwezekano wa kweli unaweza kukifikia bila kutushangaza. Tatu kugawanywa kwa 398 ni kama 0.0075, yaani si watu wanane kamili kati ya elfu. Ni kidogo mno, lakini si hapana.

La pili ni zito. Je, wale waliofariki walifariki kwa sababu hali yao haikuwa na tiba, au baadhi yao walifariki kwa sababu watu waliokuwa wakiwatibu waliamini haina tiba? Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1948 juu ya utabiri unaojitimiza: uvumi kwamba benki itaanguka huwafanya watu wakimbilie fedha zao, na benki ikaanguka kweli. Daktari akiamini kwamba wagonjwa wa namna fulani hawaponi, atawahi kuizima mashine. Mashine ikizimwa, mgonjwa hufariki. Akifariki, huandikwa katika daftari la waliofariki. Nalo daftari hilo ndilo atakalolisoma daktari wa kesho. Duara hilo halina mwanya. Sisi walimu tunalijua fika. Mwambie mtoto wa darasa la nne kwamba yeye si wa hesabu, umkalishe nyuma, usimwulize swali, na mwisho wa mwaka matokeo yake yatakupa haki.

Isitoshe, tarakimu huchacha kama maziwa. Wale 865 walitibiwa kwa dawa za wakati wao na kwa mashine za wakati wao. Mwaka 2000 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulithibitisha kwamba mashine ya kupumulia ikipuliza hewa kidogo kidogo, badala ya kuyajaza mapafu mgonjwa kwa nguvu, vifo hupungua kutoka takriban arobaini kwa mia hadi thelathini na moja. Dawa za kuvu na virusi ziliboreka, na maandalizi ya upandikizaji yakapunguzwa ukali kwa wasioweza kuyastahimili. Mwaka 2010 Ted Gooley na wenzake, wa kituo kile kile cha Seattle, walilinganisha wagonjwa waliopandikizwa mwaka 1993 hadi 1997 na wale wa mwaka 2003 hadi 2007. Hatari ya kufariki katika siku 200 za kwanza bila ugonjwa kurudi ilikuwa imepungua kwa asilimia 60 baada ya kusawazisha tofauti za wagonjwa. Mwaka 2013 Élie Azoulay wa Paris na wenzake wakatoa hesabu ya wagonjwa 1,011 wenye saratani za damu walioingia vyumba vya mahututi katika hospitali 17 za Ufaransa na Ubelgiji. Sita kati ya kumi walitoka hospitalini wakiwa hai. Si wote waliokuwa wamepandikizwa, na waliopandikizwa seli za mtu mwingine walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Hata hivyo daktari ambaye angeshikilia jedwali la mwaka 1996 angekuwa akiwazimia mashine watu wanaopona.

Azoulay huyo na wenzake wa hospitali ya Saint-Louis ndio waliotoa wazo ambalo mimi nalitetea hapa. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, waliwachukua wagonjwa 188 wenye saratani waliohitaji mashine na kiungo kingine cha msaada, wakawapa kila tiba bila kizuizi kwa siku kadhaa kabla ya kukaa na kufikiri upya. Waligundua kwamba alama za siku ya kwanza hazikuwatenganisha vizuri wenye kupona na wenye kufa, na kwamba alama za siku ya sita zilisema mengi zaidi. Tena waligundua jambo la kuhuzunisha: wale wote waliolazimika kuanzishiwa mashine, dawa za shinikizo la damu au usafishaji wa damu baada ya siku tatu za kuwa mle ndani walifariki. Kwa hivyo utabiri bora hautokani na picha moja iliyopigwa mlangoni. Ni mwendo wa siku hadi siku unaosema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu, ingawa wakati huo sikuwa nimeyasoma hayo. Jamaa ilikubaliana na daktari kwamba kila kitu kifanywe kwa siku tano, kisha wazungumze. Kila jioni shemeji alinisomea jumla ya alama za SOFA nami nikaiandika katika daftari la mazoezi. Siku ya kwanza ilikuwa 12. Siku ya tatu ikashuka hadi 10, na dada yangu, aliyebaki nyumbani, akaanza kuuliza kama kijana atahitaji sweta atakaporudi, kwa kuwa kwetu Agosti ni baridi. Siku ya nne figo zikasimama, akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Jumla ikapanda hadi 15. Siku ya tano walizungumza. Siku ya saba alifariki, babaye akiwa amemshika mkono, baada ya wote kukubaliana kwamba asiongezewe dawa nyingine.

Miezi kadhaa baadaye dada yangu aliniuliza kama basi tarakimu ya yule daktari ilikuwa ya kweli. Nilimwambia kwamba kifo cha mtu mmoja hakiithibitishi wala hakiikanushi. Kama kijana angalirudi, daktari asingalikuwa amekosea, maana alisema wapo ishirini wanaorudi. Dada aliniangalia kama mtu aliyesikia upuuzi. Simlaumu. Tarakimu ya namna hii ni habari za kundi, naye alikuwa na mwana mmoja.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba, maadamu ni hivyo, tarakimu zisitajwe kabisa, jamaa waambiwe tu tumwachie Mungu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi katika hospitali zetu, na nadhani mara nyingi daktari hujikinga yeye mwenyewe. Shemeji hakuvunjika moyo kwa kuambiwa ishirini kwa mia. Kilichomtesa ni kuipokea tarakimu hiyo kwa mara ya kwanza mlangoni pa chumba cha mahututi, ilhali zilikuwako tarakimu ambazo angeweza kuelezwa hapa nyumbani kabla kiwanja hakijauzwa. Mwaka 2005 Mohamed Sorror wa Seattle alichapisha kipimo cha kumpima mgonjwa kabla ya kupandikizwa. Huhesabu maradhi mengine kumi na saba ambayo huenda anayo, ya moyo, ya ini, ya mapafu na kadhalika. Waliopata sufuri, waliofariki kwa sababu zisizokuwa kurudi kwa ugonjwa katika miaka miwili walikuwa 14 kwa mia. Waliopata alama tatu au zaidi walikuwa 41. Mtu aliyepewa habari hizo bado aweza kuuza kiwanja. Mimi nadhani jamaa yetu wangekiuza. Lakini wangejua wananunua nini.

Tena ziko tarakimu ambazo si zetu. Jedwali lililojengwa Seattle au Paris limejengwa mahali penye muuguzi wa kutosha kwa kila kitanda na maabara isiyolala. Likiletwa kwetu bila kupimwa upya, laweza kuwapanga wagonjwa sawasawa na bado likadanganya kuhusu idadi ya watakaopona. Wenzetu wa Rwanda walilitambua hilo. Mwaka 2016 kilichapishwa kipimo kilichojengwa kwa wagonjwa wa vyumba vya mahututi vya nchini mwao, chenye mambo matano tu yasiyohitaji maabara kubwa: umri, dalili za maambukizi, kushuka kwa shinikizo la damu, hali ya fahamu na mapigo ya moyo. Kipimo hicho ni cha wagonjwa wa jumla, si cha waliopandikizwa. Lakini upandikizaji nao umeshafika jirani. Tanzania ilianza tiba hiyo Muhimbili mwaka 2021, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ikaanza kuwapandikizia uboho watoto wenye selimundu. Yafaa madaftari ya kumbukumbu yafunguliwe sasa, mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho, waliopona na waliofariki, na yaandikwe pia ni mashine gani ilizimwa lini na kwa sababu gani. Daftari lisilo na safu hiyo ya mwisho litatufundisha utabiri unaojitimiza.

Muhula wa kwanza wa mwaka 2019 nilipofika kwenye mada ya uwezekano katika Kidato cha Tatu, niliziacha zile dadu na shanga nyekundu na buluu ndani ya mfuko. Niliandika ubaoni 865 na 53, nikaeleza zilikotoka. Darasa lilitulia kuliko kawaida. Mvulana mmoja akapata asilimia upesi akaridhika. Kisha msichana aliyekaa karibu na dirisha akanyosha mkono, akauliza hao 53 walikuwa na tofauti gani na wale wengine. Nilimwambia kwamba hilo ndilo swali waliloliuliza watafiti wenyewe, na kwamba kwa kila aliyepona walichagua wawili waliofariki, jumla 106, wakawalinganisha jambo kwa jambo. Akataka kujua ni kwa nini wawili na si mmoja. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilimwomba anipe mpaka kipindi kilichofuata, nikaenda kulitafuta.